Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya sanaa: tunaomba ukumbi wenye karakana, na uwe wazi jioni

Kwa Waziri mwenye dhamana ya utamaduni na sanaa. Ofisi ya Rais, TAMISEMI. Katibu Mtendaji wa Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA). Na mameya, wenyeviti na wakurugenzi wa halmashauri zote nchini.

YAH: VITUO VYA SANAA ZA UFUNDI KATIKA HALMASHAURI

Waheshimiwa,

Naandika kutoka Dodoma. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kati ya masomo ninayofundisha limo la Sanaa na Michezo. Si kiongozi wa chama chochote cha wasanii, wala sina kazi zangu ninazozitafutia soko. Ombi langu ni moja na nalitaja mapema: kila halmashauri iwe na mahali pa kudumu pa sanaa za ufundi, penye ukumbi wa maonesho na karakana ya kujifunzia chini ya paa moja, na pawe wazi saa ambazo watu wametoka kazini na watoto wametoka shule.

Najua sanaa inapotajwa serikalini, muziki hutangulia na filamu hufuata. Muziki una tuzo zake, filamu ina bodi yake, na wanastahili. Lakini mchoraji, mchongaji, mfinyanzi, msusi wa vikapu, mtengeneza batiki na mchora vibao wa mtaani nao wamo katika Sheria Na. 23 ya mwaka 1984 iliyoanzisha BASATA, na wanachokikosa ni kitu cha msingi kuliko tuzo. Mwanamuziki anaweza kurekodi chumbani kwake na wimbo ukamfikia mtu kwenye simu usiku huohuo. Chungu hakisikiki redioni. Lazima mtu akifuate kilipo, akizunguke, akishike, aone alama ya kidole cha mfinyanzi kilipopita. Na akitamani kujaribu mwenyewe, lazima awepo mtu wa kumwonesha, na uwepo udongo wa kukanda.

Hapa kwetu, wanafunzi wangu wengi wameona kazi za mikono zikioneshwa katika viwanja vya Nane Nane, Nzuguni, na kwingine hapana. Wanapita mbele ya banda wakiwa kwenye mstari, vumbi likitimka, na muuzaji, ambaye ana kila haki ya kuogopa kuvunjiwa bidhaa, anawaambia wasiguse. Siku chache baadaye banda linavunjwa. Mtoto aliyesimama mbele ya kinyago kwa muda mrefu kuliko wenzake, yule ambaye kila mwalimu wa sanaa anamfahamu, hana pa kurudi. Nami sina pa kumpeleka. Na huu ndio mkoa wenye michoro ya miambani ya Kondoa, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Pale Kolo watu walichora twiga, swala na binadamu kwenye mwamba, na tunawapeleka watalii wakayaone hayo. Sijui tutamjibu nini mtoto wa mkoa huohuo akiuliza yeye achore wapi.

Waheshimiwa, jambo ninaloomba si geni nchini. Tunayo historia yake, na inafaa isomwe upya kabla ya kuandikwa mpango wowote.

Mwaka 1972 Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll alianzisha Nyumba ya Sanaa jijini Dar es Salaam, akiwa na vijana wachache wenye vipaji na wasio na mahali pa kufanyia kazi. Mwaka 1983 ilipata jengo lake Upanga, na baadaye ikabeba jina la Mwalimu Nyerere. Waliokuwa wakiingia pale wanakumbuka jinsi palivyokuwa: kazi zimetundikwa na kupangwa, na nyuma yake wenyewe wanaozifanya wameinama juu ya kitambaa, bamba au gogo.

Miaka hiyo ya mwanzo alifika mjini Mmakonde mmoja kutoka Masasi, George Lilanga, mzaliwa wa mwaka 1934. Alikuwa na ndugu yake aliyekuwa akifanya kazi Nyumba ya Sanaa, Augustino Malaba, naye akapata kazi pale. Kazi yenyewe ilikuwa ulinzi. Kuchonga alikuwa anakujua tangu ujana wake. Lakini ndani ya nyumba ile alikuta batiki, akakuta uchapaji wa kuchora kwenye bamba la chuma kwa asidi, akakuta rangi na brashi. Mashetani ya vinyago vya Kimakonde aliyozoea kuyatoa kwenye mti yakaanza kucheza kwenye kitambaa na kwenye karatasi, yakiwa na masikio marefu, matumbo makubwa na rangi za kuchangamsha. Mwaka 1978 kazi zake zilioneshwa Washington, Marekani. Alipofariki mwaka 2005 alikuwa mmoja wa wasanii wa Tanzania wanaojulikana zaidi duniani.

Naomba msiharakishe kupita hapo. Hakuna kamati iliyomteua mlinzi yule. Hakujaza fomu ya kipaji, wala hakuna shindano alilolishinda. Kilichotokea ni kwamba mtu aliyeshinda mlangoni aliziona kazi za wenzake zimetundikwa, akatembea hatua chache akawakuta wenyewe wakizifanya, na vifaa vilikuwapo. Ukumbi peke yake ungempa picha za kutazama. Karakana peke yake ingempa kazi ya kufanya bila mtu wa kuiona. Vyote viwili vilikuwa mahali pamoja, na mlango ulikuwa wazi hata kwa mlinzi.

Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyeanza kuchora mwaka 1968, hakuwa na jengo kabisa. Alichora kwa rangi za mafuta zenye kung'aa, zile za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya mraba vya hadibodi, na picha zikauzwa nje ya Morogoro Stores kule Oysterbay. Alifariki mwaka 1972, akiwa amechora kwa miaka minne tu. Kazi hiyo ingeweza kufa naye. Haikufa kwa sababu alikuwa amewaketisha kando yake jamaa na vijana, akina Ajaba Abdallah Mtalia na Simon Mpata na wengine, wakajifunza kwa kutazama mkono wake na kushika brashi wenyewe, pale pale mnunuzi aliposimama. Mwaka 1990 waliourithi mkono huo waliunda ushirika wao, na mpaka leo ukienda utawakuta wakichora mbele ya macho yako.

Anayetaka kuona jambo hili likifanywa kwa utaratibu wa sasa aende Mikocheni, Nafasi Art Space, iliyopo tangu mwaka 2008. Ghala na makontena yamegeuzwa studio za wasanii, ukumbi wa maonesho uko hatua chache kutoka studio hizo, watoto wanaletwa kwenye warsha, na mwaka 2020 walianzisha mafunzo ya muda mrefu kwa vijana. Mchango wa wafadhili wa nje, balozi zikiwemo, umekuwa mkubwa. Hata kuta ambazo wachoraji wa Dar es Salaam wamezitegemea kwa miaka mingi kuonesha kazi zao ni pamoja na za Alliance Française na Goethe-Institut. Nawashukuru kwa moyo wote. Lakini nyumba ya Mfaransa ni ya Mfaransa na ya Mjerumani ni ya Mjerumani. Siku wakiamua kubadili mipango yao, hatuna haki ya kuwauliza.

Hesabu mtaiona wenyewe. Kituo kimoja kilianzishwa na sista, kingine kilizaliwa kando ya duka, cha tatu kimesimamishwa na wasanii kwa msaada wa wageni, na vyote vitatu vilianzia Dar es Salaam. Kizazi cha wanafunzi wangu hakina Nyumba ya Sanaa ya kwenda. TaSUBa kule Bagamoyo inafundisha wanaotaka sanaa iwe taaluma yao, na Makumbusho ya Taifa yanatunza na kuonesha. Hizo ni kazi kubwa za Serikali na sizibezi. Ila mama lishe wa Chang'ombe hapa Dodoma hawezi kujiandikisha stashahada ili ajue kufinyanga, na fundi cherehani wa Majengo anayetaka kujaribu batiki jioni moja hawezi kusafiri hadi Mikocheni. Katikati ya chuo na makumbusho pana nafasi tupu, na watu wengi wako katika nafasi hiyo.

Niseme sasa mahali hapo pawe na nini, maana barua ikiishia kwenye maneno makubwa huingia kwenye faili na kubaki humo.

Ukumbi hauhitaji marumaru. Unahitaji kuta zilizopakwa rangi nyeupe, waya au reli ya kutundikia ili ukuta usijae matundu ya misumari, na madirisha yasiyoleta jua la moja kwa moja juu ya kazi, kwa sababu jua letu hufifisha rangi ya kitambaa na karatasi kwa muda mfupi. Baadhi ya kazi zitundikwe chini, kwenye kimo cha macho ya mtoto wa darasa la pili. Pawe na njia ya kiti cha magurudumu tangu lango mpaka choo. Maelezo ya kila kazi yaandikwe kwa Kiswahili: jina la aliyeifanya, mtaa anaotoka, alichotumia. Nimeingia kwenye maonesho hapa nchini ambako kila karatasi ukutani ilikuwa ya Kiingereza, na mzazi niliyefuatana naye akawa ananong'ona kuniuliza, kama mtu aliyeingia kwenye nyumba ya watu bila kualikwa. Kitu kinachooneshwa kwa jamii kizungumze na jamii.

Karakana ndiyo inayotaka fikra zaidi. Sakafu iwe ya saruji, maji yawepo, na udongo usimwagwe moja kwa moja kwenye bomba. Ndoo mbili za kutuamishia zinatosha, bila hizo bomba litaziba na kituo kitafungwa kwa jambo dogo. Sehemu ya nta ya batiki na rangi za mafuta iwe chini ya paa lisilo na kuta, kwa sababu moshi wa nta na harufu ya thina havifai kuvutwa ndani ya chumba kilichofungwa, hasa na watoto. Pawe na rafu ndefu zenye kufuli, na hizo rafu nazitilia mkazo kwa sababu ambayo waandaaji wa warsha wengi hawaijali.

Chungu kibichi hakikaushwi juani. Kinaachwa kivulini siku kadhaa kikauke taratibu, kisipopasuka ndipo kinachomwa. Batiki inapakwa nta, inatiwa rangi, inakaushwa, inapakwa nta tena mahali pengine, inatiwa rangi ya pili, kisha inachemshwa nta itoke. Picha ya rangi ya mafuta inaweza kukaa siku nyingi kabla ya kuguswa. Kwa hiyo ile warsha ya siku moja tuliyoizoea, yenye bango, fulana na chakula cha mchana, haiwezi kumfundisha mtu ufinyanzi hata akija mwalimu bora nchini. Mshiriki anakanda, anapigwa picha, anaondoka, na alichokifinyanga kinatupwa kabla hajajua kama kilipasuka au kilisimama. Wala hajui kosa lake lilikuwa wapi. Aliyejifunza ni yule anayerudi Jumatano akakuta chungu chake rafuni kimeota ufa shingoni, akamwita fundi, akaambiwa: hapa uliacha pembamba, na hapa hewa ilibaki ndani. Fedha zinazotumika kwa warsha za siku moja mikoani zikikusanywa, zitalipa rafu, maji na fundi wa kudumu.

Tanuri nalo. Vyungu vinavyochomwa uwanjani kwa kuni na nyasi ni kazi ya heshima na tunavipikia. Lakini mfinyanzi anayetaka kutengeneza vikombe, sahani au vigae vyenye ngozi ya kung'aa anahitaji joto la nyuzi 1000 za Selsiasi na kuzidi, linalopanda na kushuka kwa mpango. Mfinyanzi mmoja hawezi kununua tanuri la namna hiyo, na akilinunua kwa mkopo litalala baridi siku nyingi za mwezi huku deni likiendelea. Likiwa la halmashauri, wafinyanzi wa kata zote wanapanga zamu, wanachangia umeme, na tanuri halilali.

Si kila kitu ni ghali. Mwanafunzi wangu anachonga umbo la samaki kwenye soli ya kandambili iliyochakaa, anaipaka wino, anaweka karatasi juu, anasugua kwa mgongo wa kijiko, na anapata picha ya kuchapa ambayo anaweza kuirudia mara nyingi na kuwagawia wenzake. Furaha ya darasa siku hiyo ni kubwa kiasi kwamba mwalimu wa chumba cha pili huja kuuliza kuna nini. Tatizo linakuja kengele ikilia. Wino umekauka mezani ambako somo linalofuata ni Hisabati, na picha za watoto zinaingia kwenye boksi chini ya meza yangu. Hakuna mzazi aliyeziona zikiwa ukutani.

Mtauliza walimu watatoka wapi. Wapo, na wengi hawajawahi kuitwa walimu. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa wilayani Kyela, wanafinyanga vyungu vinavyosafiri hadi soko la Matema na mbali zaidi. Iringa wako wanaosuka vikapu kwa milulu kwa ustadi ambao mashine haijauweza. Pwani yote kuna wasukaji wa ukili. Mwenge kuna wachongaji. Na katika kila mji wetu yupo mchora vibao, yule aliyeandika saluni, gereji na maduka ya dawa kwa mkono, akichora kichwa cha mtu chenye nywele zilizokatwa vizuri juu ya mlango wa kinyozi. Siku hizi mabango ya plastiki yanayochapwa kwa mashine yamemnyang'anya kazi. Mtu anayeweza kupanda ngazi akachora herufi iliyonyooka bila rula ana elimu ya miaka mingi mkononi mwake, na tunamwacha akauze vocha. Waiteni hawa. Wapeni mkataba wa miezi, siyo posho ya siku na cheti. Wakae kituoni kwa zamu, wafanye kazi zao wenyewe pale huku wakifundisha.

Kwa wanaotilia shaka kwamba karakana ya mikono inaweza kujenga maisha ya watu, mfano uko Iringa mjini. Neema Crafts, iliyo chini ya Kanisa Anglikana, ilianza mwaka 2003 na vijana wachache viziwi waliofundishwa kutengeneza karatasi, ikiwemo inayotokana na kinyesi cha tembo. Ikakua ikawa mahali pa kazi pa watu wengi wenye ulemavu, wanaofuma, wanaotengeneza shanga za kioo, wanaoshona. Mgeni hutembezwa karakanani akawaona wakifanya kazi, kisha ndipo anapita dukani. Naona jambo hilo limebadilisha namna watu wanavyomtazama mtu mwenye ulemavu kuliko hotuba nyingi, kwa sababu wanamkuta akiwa ndiye mjuzi wa chumba.

Sasa niseme juu ya hatari ninayoiogopa kuliko ukosefu wa fedha. Majengo ya jamii tumekuwa nayo tangu zamani. Ukumbi wa Anatoglo pale Mnazi Mmoja ulijengwa miaka ya 1950 uwe kituo cha jamii, na watu wazima walikusanyika humo kwa mambo mengi ya kujiendeleza. Lakini kila mmoja wetu anaijua njia ambayo kumbi za umma hupita: unaanza kukodishwa kwa harusi moja ili upate fedha za balbu, kisha mikutano, kisha viti vya plastiki vinajaa mahali palipokuwa na meza za kazi, na mwisho shughuli ya asili inaombwa ipishe Jumamosi, siku pekee ambayo watu wake wanaweza kuja. Wanaofanya hivyo si wabaya. Wanapimwa kwa mapato, nao wanaleta mapato. Kwa hiyo ombi langu kwa TAMISEMI na wakurugenzi ni kwamba kituo hiki kisipimwe hivyo. Kipimwe kama tunavyopima maktaba: walioingia ni wangapi, waliorudi ni wangapi, kazi zilizokamilika na kuoneshwa ni ngapi, zimetoka kata zipi. Na katika waraka wa kukianzisha iandikwe wazi kwamba ukumbi na karakana havikodishwi kwa sherehe.

Hatari ya pili ni saa za kazi. Kituo kikifunguliwa saa moja na nusu asubuhi na kufungwa saa tisa na nusu alasiri kama ofisi nyingine, kitakuwa cha watumishi wake tu. Dereva wa bodaboda, mwanafunzi wa sekondari, muuza mboga na karani wote wako kwingine saa hizo. Kifunguliwe mchana hadi saa mbili usiku, na Jumamosi na Jumapili kutwa. Watumishi wapumzike Jumatatu.

Mtaniambia zipo shule zisizo na madawati na matundu ya vyoo. Mimi ni mwalimu, habari hiyo naiishi. Siombi jengo jipya. Katika karibu kila mji kuna ghala la zamani, ofisi iliyohamwa, ukumbi uliofungwa, yadi ya halmashauri yenye magari mabovu. Hapa Dodoma, ofisi nyingi zikiwa zimehamia Mji wa Serikali kule Mtumba, sidhani kama kukosekana kwa paa ndicho kikwazo. Nairobi walianza hivyohivyo: kituo cha wasanii cha Kuona Trust kilianza mwaka 1995 ndani ya viwanja vya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, wasanii wakapewa mahali pa kufanyia kazi huku wageni wa makumbusho wakipita, na mwaka 2003 kituo cha sanaa cha GoDown kikafunguliwa kwenye maghala ya eneo la viwanda. Wachoraji kadhaa wanaoheshimika Kenya leo walipitia vyumba hivyo.

Kuhusu vifaa, njia ziko tayari, zinahitaji kuunganishwa. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa nao unakopesha wasanii. Mikopo hiyo inafaa kwa rangi, vitambaa, mbao na zana za mkononi, yaani vitu ambavyo kikundi kinaweza kuvirudisha kwa kuuza. Haifai kwa paa, maji na tanuri, na ndiyo maana vikundi vingi vya ufundi huchukua mkopo, vikakosa pa kufanyia kazi, vikashindwa kurejesha, kisha vikaitwa wadanganyifu. Halmashauri itoe paa, maji na tanuri, kikundi kikope zana. Na maonesho ya kila mwezi ukumbini yawe soko lao, kila kazi ikiwa na bei iliyoandikwa na kiasi kidogo kikibaki kituoni kwa ajili ya umeme na wino wa watoto.

Lipo pia jambo la shule, ambalo nadhani halijaonekana vya kutosha. Mtaala mpya ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 umeleta mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, sekondari, na sisi wa msingi tunahimizwa kufundisha kwa vitendo. Hakuna atakayezijengea karakana shule zote za wilaya kwa miaka ya karibuni. Lakini karakana moja nzuri ya halmashauri, yenye ratiba, inaweza kupokea shule moja mchana wa leo na nyingine mchana wa kesho, na jioni ikawa ya watu wazima. Walimu wenyewe tunaihitaji. Wengi tumepangiwa somo la sanaa kwa sababu ratiba ilikuwa na pengo, na hatujawahi kuona udongo ukikandwa kitaalamu. Tupeni wiki moja ya likizo katika karakana hiyo, na watoto wataanza kuiona tofauti muhula ujao.

Kwako Mheshimiwa Waziri, naomba uandae mwongozo mfupi wa vituo hivi, na vichaguliwe vituo vichache vya mwanzo nje ya Dar es Salaam. Kwa BASATA, naomba mtusaidie kupata walimu wa ufundi kutoka kila kanda na kuwaandalia mikataba ya haki. Msanii anayekuja kuonesha kazi yake katika ukumbi wa jamii asidaiwe kibali, wala mzazi anayeleta picha iliyochorwa na mwanawe. Kwa wakurugenzi na Vitengo vya Utamaduni, Sanaa na Michezo, naomba mjibu maswali mawili kwa maandishi na myabandike kwenye mbao zenu za matangazo: ni jengo gani la halmashauri lililo tupu sasa hivi, na nani ana ufunguo wake?

Nakala ya barua hii naipeleka kwa Afisa Utamaduni wa Jiji letu, pamoja na majina ya walimu wa shule za jirani waliokubali kushika zamu za Jumamosi bila malipo katika miezi ya mwanzo, na mafundi rangi wawili ambao ni wazazi wa wanafunzi wangu na wako tayari kupaka kuta. Tunaweza kuanza na chumba kimoja.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa Sanaa na Michezo,
Dodoma